Butembo hadi Manguredjipa kwa kinga: tulivyoipanga njia



Tangu mkutano uliopita wengi mmeuliza: mlikwenda au hamkwenda? Mlifika Manguredjipa au hamkufika? Wenzangu wameniomba niandike yote, maana kuna wengine kati yetu wanaotaka kushika barabara ile ile, na ni afadhali wasome kabla ya kufunga mzigo.

Sababu ya safari

Mnamjua mwenzetu aliyehamia kwetu kutoka Manguredjipa na watoto watatu. Tangu mwaka 2024, wauaji wa ADF walipoanza kushambulia vijiji vya sekta ya Bapere, watu wa huko wanahama, wanarudi, wanahama tena. Yeye alikuja na godoro moja na sufuria. Mama mkwe wake alikataa kuondoka. Alisema amemzika mume wake pale, na mtu wa umri wake hawezi tena kujifunza kulala kwa watu. Akabaki na nyumba, shamba la kakao na michikichi.

Mwezi wa tisa mwaka 2025 watu waliokuwa kwenye matanga waliuawa usiku huko Ntoyo, karibu na Manguredjipa. Majuma yale mwenzetu hakulala. Simu ilipita siku moja ikakatika siku tatu. Mwishowe habari ikaja: bibi ni mzima, lakini dawa zake za presha zimekwisha, na magunia mawili ya kakao kavu yamekaa ndani ya nyumba bila mtu wa kuyapandisha Butembo.

Ndipo mwenzetu akasimama katika mkutano wa MUSO. Hakuomba pesa ya sanduku jekundu. Alisema: "Mimi naomba watu wa kutembea nami." Mtoto wake mkubwa yuko sekondari, na huko wazazi tunalipa bado, si kama shule ya msingi. Kakao ile ndiyo ilikuwa minervali ya mtoto.

Kwa nini kinga

Wengine walisema tupande moto. Moto inakwenda mbio, lakini inabeba mtu na gunia moja, na bei yake hupanda kila habari mbaya inaposikika. Kinga, yaani baiskeli, haili mafuta. Nayo inajua barabara ile tangu zamani: kutoka msituni inapandisha mawese, makemba, mchele na kakao, kutoka kwetu inateremsha chumvi, sabuni, maharagi, viazi na nguo.

Kinga ya mzigo si ile ya kwenda nayo kanisani. Tulichukua tatu kwa fundi. Alitoa pedali na mnyororo, kwa sababu hakuna atakayeipanda, na pedali humgonga msukumaji kwenye mguu. Aliunganisha vyuma vya nondo kwenye uma wa mbele na kwenye kiti cha mzigo. Kisha akafunga fimbo mbili: moja kwenye usukani, ya kuongozea, na nyingine nyuma ya kiti, ya kusukumia. Nyuma aliweka kipande cha tairi kuukuu, ambacho msukumaji hukikanyaga ili kibane gurudumu wakati wa kushuka. Ufundi huu hauko kwetu peke yetu. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu huko Vietnam, chakula cha jeshi kilipitishwa milimani kwa baiskeli za kusukumwa zilizofungwa fimbo namna hii.

Kinga iliyotengenezwa vizuri inabeba bidoni sita za lita 20. Mawese ya bidoni sita yanapita kilo mia moja. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia mlimani.

Karatasi ya ndugu yangu

Ndugu yangu mdogo alisukuma kinga kwenye barabara ile miaka mingi, kabla magoti hayajamkataza. Tulimpa karatasi ya mfuko wa simenti atuchoree njia. Kutoka Butembo hadi Manguredjipa ni karibu kilomita 100 kwenda magharibi: unapita Mambowa, unafika Njiapanda, kisha Kambau, kisha Manguredjipa. Mimi nilitegemea aanze Butembo. Yeye alianza chini, Manguredjipa, akachora akipanda kuja kwetu.

Nikamwambia, "Umegeuza karatasi."

Akasema, "Dada, kwenda kila mtu anaweza. Mzigo uko kwenye kurudi."

Ni kweli. Butembo iko juu milimani, Manguredjipa iko chini msituni. Kwenda unateremka na mzigo mwepesi, unacheka na watu njiani. Kurudi unapanda na kakao na mawese. Anayepanga kwa kwenda tu ataishiwa nguvu, chakula na pesa mahali ambapo hapana mtu wa kumsaidia.

Kwenye karatasi yake hakuandika kilomita. Kila mlima aliuandikia watu: huu wa mtu mmoja, huu wa wawili, huu wa watatu. Maana yake ni watu wangapi wanahitajika kupandisha kinga moja iliyojaa. Hapo tukaanza kupiga hesabu. Tulikuwa watano na kinga tatu. Kwenye mlima wa watu watatu, watu watano wanapandisha kinga moja tu kwa wakati mmoja. Unapanda na ya kwanza, unashuka, unapanda na ya pili, unashuka, unapanda na ya tatu. Mlima wa kilomita mbili umekuwa kilomita kumi za miguu. Tukiwa sita, tunapandisha mbili pamoja, tunashuka mara moja, tunamaliza ya tatu: kilomita sita. Mtu mmoja tu ameokoa kilomita nne kwa kila aliyesukuma, na milima ya namna hiyo si mmoja. Siku hiyo hiyo tukamtafuta kijana wa sita. Tukawa wanawake watatu na wanaume watatu.

Lakini watu sita wakisukuma wote, nani analinda kinga iliyobaki chini? Kwa hiyo chini ya kila mlima mkali tulihitaji nyumba ya mtu tunayemjua, au anayejulikana na mtu tunayemjua. Jioni mbili tulikaa tukikumbuka majina: mama wa kwaya aliyeolewa kule, fundi cherehani aliyefunzwa Butembo, shangazi wa jirani. Mlima mmoja tulikosa jina kabisa. Hapo tuliandika "tusubiri wasukumaji wengine."

Mistari kutoka Wales

Binti wa dada yangu anaishi Cardiff, nchi ya Wales. Alipopiga simu nikamweleza tunavyochora. Akacheka, akasema kule kwao watu wanapanga safari kama hii kwa ajili ya kujifurahisha. Kuna njia moja inayoitwa Trans Cambrian Way, inaanza Knighton karibu na mpaka wa Uingereza, inakata milima hadi karibu na bahari ya magharibi, zaidi ya kilomita 150. Ni milima yenye mvua nyingi, kondoo wengi na watu wachache. Nikamwuliza mzigo ni nini. Akasema, "Mama mdogo, mzigo ni nguo zao za kulalia."

Tulicheka sote, lakini alitufundisha jambo la maana. Ramani zao zina mistari ya kimo: kila mstari unapita mahali penye urefu mmoja kutoka usawa wa bahari. Mistari ikikaribiana, mlima ni mkali. Ikiachana, njia inalala. Alituonyesha namna ya kupata ramani ya namna hiyo ya upande wetu na kuihifadhi kwenye simu, ili ifunguke hata pasipo mtandao.

Tukaweka simu kando ya karatasi ya simenti. Karibu milima yote ambayo ndugu yangu aliandika "watatu" ilikuwa pale mistari inapogusana. Mahali pamoja tu walipingana: mistari imeachana kabisa, naye ameandika "watatu". Nikadhani amesahau. Akasema hapo si mlima, hapo ni matope. Udongo ni mwekundu, maji ya pande mbili yanakutana katikati ya barabara, na magari yamechimba mifereji inayofika magotini. Ramani haijui matope. Tukaamua kwenda mwezi wa pili, kabla mvua za mwezi wa tatu hazijaanza.

Jambo la mwisho tuliloliandika lilikuwa sheria. Kila jioni tutauliza watu watatu wasiokaa pamoja: mwenye butiki, msukumaji aliyetoka mbele, na mama aliyetoka shambani. Na asubuhi tutatazama barabara. Wamama wa kijiji wakikosa kwenda shamba, sisi hatuendi mbele. Mwenzetu naye alikubali, sote tukatia sahihi kwenye daftari.

Njiani

Tulitoka Butembo alfajiri, tumevaa triko kwa baridi. Siku ya kwanza ni nchi yetu ya kawaida: mikaratusi, maharagi, viazi, nyumba juu ya kila kilima. Maji ya upande wa mashariki wa milima yetu yanashuka kwenye ziwa Edward na Semliki, yanakwenda mpaka Nile. Sisi tulikuwa tunayafuata yale ya upande wa pili, yanayoingia msituni na kumalizikia katika mto Kongo. Kila kijito tulichokikuta kilikuwa kinakwenda kwetu, nasi tulikwenda nacho.

Kushuka si rahisi kama nilivyodhani. Kinga yenye mzigo inataka kukimbia, na yule wa nyuma ananing'inia kwenye fimbo kama mtu anayemzuia mbuzi sokoni. Jioni, Mambowa, viganja vyangu vilikuwa vimechubuka. Tulilala kwa mama wa kwaya, akatupa sombe na bugali, akakataa pesa, akakubali sabuni.

Siku ya pili triko zilikwenda ndani ya mfuko. Migomba ilikuwa mingi, kisha michikichi, kisha kakao chini ya kivuli cha miti mikubwa. Hewa ikawa nzito. Tuliwapisha wasukumaji wanaopanda, wameinamisha vichwa, hawaongei. Ndugu yangu alitusimamisha kila mara: anayepanda ndiye mwenye barabara, anayeshuka anakaa pembeni. Bariere zilikuwepo, na kila moja na bei yake. Tulikuwa tumetenga maharagi na sabuni za kuuza njiani ili kulipa hapo, na bado hazikutosha.

Tuliingia Njiapanda giza likikaribia. Jina linajieleza lenyewe: barabara zinakutana, na watu wa kila upande wanakutana. Safari hii wengi niliowaona ni waliohama. Nyumba iliyotupokea ilikuwa na familia tatu ndani, nasi tukawa wa nne.

Manguredjipa ninayoijua

Usiku ule mwenzetu alituhadithia kwao, nami nikakumbuka. Nilifika Manguredjipa nikiwa msichana, baba alipokuwa akipeleka nguo. Ni makao makuu ya sekta ya Bapere katika teritwari ya Lubero, nchi ya Wapere, na Wayira kama sisi walihamia huko kufuata mashamba na biashara. Wakati wa Wabelgiji, kampuni ya MGL ilichimba dhahabu upande huo, na baada yake wachimbaji wa mikono waliendelea. Ninakumbuka mizani midogo sokoni, unga wa dhahabu upande mmoja na sarafu upande wa pili, na wanaume wamenyamaza wote kama katika sala. Ninakumbuka joto, harufu ya mawese yanayochemka, na msitu uliosimama nyuma ya nyumba za mwisho kama ukuta. Baba alipenda kusema kwamba Butembo inajivunia biashara zake, lakini sahani yake imejazwa na Bapere. Sikumwelewa wakati ule.

Asubuhi ya Njiapanda

Asubuhi tulitazama barabara kama tulivyoandika. Wamama walitoka na majembe, wakafika mwisho wa nyumba, wakasimama. Baada ya muda wakarudi, majembe safi. Mwenye butiki alisema hakuna neno. Msukumaji aliyetoka Kambau alisema mpaka pale ni salama, mbele hajui. Mama mmoja hakusema kitu, alimwita tu mtoto wake aingie ndani.

Mwenzetu alisema, "Mimi nimebakisha siku mbili."

Tukamkumbusha sheria. Akasema sheria ile tuliiandika Butembo tukiwa tumeshiba, na kwamba bibi hakutia sahihi. Tulibishana, sitaficha. Alilia kwa hasira. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu moyoni nilifurahi kwamba daftari limeamua badala yangu.

Karibu saa nne vijana wawili wa Manguredjipa walikuwa wanafunga kinga zao kurudi kwao. Wao walikwenda hata bila sisi, nyumbani kwao ni huko, na walimjua bibi. Wakakubali kuchukua dawa na chumvi, na kurudi na kakao. Ndugu yangu aliwalipa kama anavyolipwa msukumaji yeyote, hakutaka wafanye bure. Mwenzetu aliwatazama wakishuka, akauliza kama watoto wa wengine hawana mama. Hakuna aliyemjibu. Mimi sina jibu mpaka leo.

Tulingoja siku nne, na hakuna hata usiku mmoja wa siku hizo niliolala vizuri. Mchana tulimsaidia mwenye nyumba kuchota maji na kumenya muhogo. Siku ya nne jioni vijana walitokea, wamejaa vumbi, wazima. Walileta gunia moja la kakao, bidoni tatu za mawese na ujumbe. Gunia la pili lilikuwa limeingiwa na unyevu, limeota ukungu, bibi amelitupa. Dawa ameshazianza. Amesema kakao inayofuata atakausha mwenyewe na kuiweka juu ya dari. Na safari nyingine tumletee jembe, la kwake limekatika.

Mwenzetu aliuliza mara tatu kama kweli amesema jembe. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Butembo.

Kupanda

Kurudi kulituchukua siku tatu. Bidoni zilipanda kwenye kinga ya kwanza, kakao kwenye ya pili, na ya tatu tulijaza makemba na mawese tuliyonunua Njiapanda kwa ajili ya duka la chama. Ile hesabu ya karatasi ilitimia mlima kwa mlima. Pale alipoandika mmoja, mmoja alitosha. Pale alipoandika watatu, hata wanne tungewapokea. Kwenye mlima usio na jina la mwenyeji tulingoja saa mbili mpaka wasukumaji wengine wakafika, tukapanda pamoja, kila kundi likilinda mzigo wa mwenzake. Mvua ilitupiga alasiri moja. Mawese hayaogopi mvua, kakao inaogopa, kwa hiyo turubai lote lilikwenda kwa kakao, sisi tukaloana.

Gunia moja la kakao halikulipa minervali yote. Limelipa sehemu kubwa. Iliyobaki amekopa katika sanduku la kijani. Hesabu kamili, pamoja na bariere zote, iko kwenye daftari la MUSO kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Kwa wanaotaka kwenda

Pangeni kuanzia kurudi. Hesabuni watu kwa mlima mkali kuliko yote, msihesabu kwa barabara nzuri. Tafuteni nyumba chini ya kila mlima kabla hamjatoka. Kakao ikauke vizuri kabla ya kusafiri, na isikae chini kwenye udongo. Andikeni mtakaporudia mkiwa bado nyumbani, wote mtie sahihi, na yule anayengojewa huko mbele aambiwe pia, asije akadhani amesahauliwa. Hilo la mwisho hatukulifanya, na ndilo mwenzetu alilotulaumu kwa haki.

Karatasi ya simenti tumeibandika ukutani pale tunapokutania. Anayejua jina la mtu yeyote kwenye ule mlima mmoja, aje aliandike. Jembe limenunuliwa tayari, liko nyumbani kwangu nyuma ya mlango. Bibi ameshaambiwa kwa simu: tutatazama barabara ya mwezi wa sita, mvua zikipungua, na wamama wa Njiapanda wakienda shamba.